Bwana Ukungu, Mfungisha Ndoa za Karanga

Nitataja majina katika habari hii, na nitakaowataja wasinune, maana kila mmoja wao ana kosa lake. Mwenyekiti Rwekaza ana kosa. Bitegeko, mtunza stoo, ana kosa. Mama mkwe wangu Kokushubira ana kosa, na ingawa ni marehemu nitamtaja hivyo hivyo na umarehemu wake. Mimi Yustina ninayeandika nina kosa pia, tena langu ni kubwa, tutafika huko. Mtu mmoja tu simtaji jina, naye ndiye ninayemwandika, kwa sababu yeye hakukosa kitu. Kijiji kizima kilimwita Bwana Ukungu. Hata barua zake zilifika hivyo: Bwana Ukungu, Kijiji cha Ujamaa, Muleba.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu huko kwetu Kaagya. Kwa hiyo msomaji akiona nimeruka jambo la kitaalamu asiniulize mimi. Nilikuwa mbanguaji wa karanga.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye rweya, yale majani matupu chini ya Buganguzi, mahali ambapo tangu enzi za machifu hakuna mtu mwenye akili aliyejenga nyumba. Wenye kibanja, yaani migomba na kahawa ya kurithi, walibaki kwenye vibanja vyao wakitutazama kwa juu. Sisi tusio na kibanja tuliambiwa kwamba ujamaa ndio kibanja chetu. Mume wangu alikaa kwenye kibanja hicho miezi miwili, akasema anakwenda kisiwani Goziba kuvua samaki, na huko akavuliwa yeye, hakurudi. Nikabaki na mama yake na mtoto wangu Projestus, na majembe mawili, moja bila mpini.

Ndipo Bwana Ukungu akaingia na baiskeli. Mbele kikapu cha vifaranga vya bata, nyuma sanduku la chupa, begani mfuko wa mbegu. Alivaa kaptula pana iliyoweza kutosha watu wawili wasiogombana, na miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa. Mwenyekiti Rwekaza alimpokea mbele ya kijiji kizima, akapiga kelele, "Uhuru na kazi! Huyu ndugu ametumwa na serikali kutuondolea ukungu!" Watu wakatazama juu, maana asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Mzee mmoja akauliza, "Ataanzia upande gani?"

Yeye akaeleza kwamba siyo huo. Ni ule unaoota kwenye chakula, kwenye karanga, kwenye mahindi, kwenye mtama. Ndani yake, akasema, kuna sumu isiyoonekana wala kunusika. Ukiipika haiishi, ukiikaanga haiishi. Inaingia kwenye ini inakaa, na ini halilii mpaka limechelewa. Dawa hakuna. Ila yeye anatafuta mbegu ya karanga ambayo ukungu ukiijia, unakataliwa mlangoni.

"Na ukiikosa?" Rwekaza akauliza.

"Tutaanika vizuri," akasema. Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufungisha ndoa. Sijui kuieleza kwa jina jingine. Ua la karanga, yeye alisema, hujioa lenyewe, ndiyo maana mtoto anafanana na mzazi kama chapa. Sasa yeye alitaka karanga ya mbali yenye ganda gumu iolewe na karanga yetu inayopenda udongo wa rweya. Jioni alipiga magoti kwenye tuta, akafungua ua changa kwa koleo kama la kutolea mwiba, akaliondolea uume wake. Asubuhi na mapema, kabla ya umande kukauka, alirudi na unga wa ua jingine akalipaka, akafunga uzi mwekundu kwenye shina kuonyesha kwamba huyu sasa ana mume. Nyuki akikaribia alimfukuza kwa kofia huku anapiga kelele, "Mzinzi! Toka! Mzinzi mkubwa!"

Sisi wanawake tuliambiwa tumsaidie kubeba nyuzi. Siku ya kwanza Ma Kokushubira alipoona ua limepakwa na kufungwa uzi alipiga kigelegele kilichosikika Buganguzi.

Bwana Ukungu akashtuka, koleo likamwanguka. "Bibi, kuna nini?"

"Si umesema wameoana, tata? Harusi gani ya kimyakimya? Wamekosa nini hawa?" Tata kwetu ni baba, na ndivyo alivyomwita tangu siku hiyo.

"Naomba kimya, bibi. Mkono wangu unatetemeka."

"Hata bwana harusi hutetemeka," akasema mama mkwe wangu, na jioni yake akamletea kibuyu cha rubisi, kwa kuwa ndoa isiyonywewa pombe ya ndizi haijafungwa. Akaendelea kuleta kila jioni iliyokuwa na ndoa. Ndiyo maana, nasema mimi, nyuzi za mwisho za msimu ule zilifungwa upande.

Na hapo ndipo mtu yule alipojipinga mwenyewe. Kutwa alituhubiria kuhusu nafaka iliyoota ukungu. Alikuwa na usemi wake: "Karanga kavu inaongea. Itikise sikioni. Ikinyamaza, usiile." Tulitembea kijijini tunatikisa karanga masikioni kama wendawazimu. Lakini rubisi hutiwa mtama uliokaangwa ili ichachuke, na mtama wa Ma Kokushubira ulikaa kwenye kona ya jikoni chini ya paa linalovuja, umeota nywele kama sikio la mzee. Siku moja aliuona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bibi, ni mtama huu ndio unaotia kwenye kibuyu changu?"

"Ndio huo, tata. Niache kukuletea?"

Bwana Ukungu akautazama mtama, akakitazama kibuyu. Kulikuwa na jua kali siku ile. "Lete leo," akasema. "Kesho tutazungumza." Hiyo kesho sikuiona ikifika.

Kwenye kibanda chake kulikuwa na chupa zenye uji mzito wa sukari, na juu ya uji ukungu umeota kijani kibichi kama vazi la padre kwenye misa ya Jumapili ya kawaida. Sukari! Sisi tulikuwa tunapanga mstari dukani kwa ajili ya kikombe kimoja, tunarudi na kiberiti, na yeye anaifugia ukungu. Ma Kokushubira alisimama mlangoni akasikitika: "Ukungu huu umeolewa vizuri kuliko mimi."

Yeye hakukasirika. Alichukua chupa mbili akazisimamisha mbele yetu. Akasema hawa wawili ni ndugu, rangi moja, sura moja, hata yeye kwa macho hawezi kuwatenga. Lakini mmoja anatengeneza sumu na mwingine hajui kuitengeneza, na tofauti hiyo wamezaliwa nayo, imo ndani yao, wanawarithisha watoto wao. "Ukungu nao una ukoo," akasema.

"Hilo nalo la kusoma miaka yote hiyo?" mama mkwe wangu akamjibu. "Kwetu wapo. Kaka yangu mmoja katekista, mwingine mwizi wa ndizi, na mama yao mmoja, na wote wana pua hii hii yangu."

Tangu hapo chupa moja ikaitwa Katekista na ya pili Mwizi. Jumapili baada ya misa watu walikuja na watoto wao kumtazama Mwizi. Walutheri walikuja baada ya ibada yao, wakauliza kwa nini asiye na sumu awe katekista wa Kikatoliki. Bwana Ukungu alikaa kwenye kigoda akawapokea wote kwa heshima, akieleza kila mara kwamba yeye hakuwabatiza.

Ila jambo lililomfurahisha zaidi ya yote aliambiwa na Ma Kokushubira huyo huyo. Sisi Wahaya kila ukoo una omuziro, kitu ambacho ukoo huo hauli. Ukoo wa mume wangu hauli samaki aitwaye kamongo. Ukimpikia mmoja wao bila kujua, mwili wenyewe unakataa, anatapika. Basi siku moja, Bwana Ukungu akihangaika kueleza habari za kurithi, mama mkwe akamkatiza: "Kumbe unatafuta karanga ambayo ukungu ni omuziro wake. Si ungesema!"

Bwana Ukungu aliruka. Kweli aliruka, na kaptula ikabaki nyuma kidogo. "Ndiyo! Ndiyo, bibi! Na mwiko huo nataka waurithi watoto na wajukuu!" Kwa wiki nzima alilirudia neno hilo, hata akiwa peke yake na bata.

Bata nao niwaeleze. Kifaranga cha bata, alisema, ini lake ni dhaifu kwa sumu ile kuliko mnyama yeyote, kwa hiyo ukitaka kujua karanga ina sumu au haina, mlishe yeye. Kila bata alikuwa na namba mguuni. Bata akifa, Bwana Ukungu alimpasua, akalitazama ini, akaandika, kisha akakaa pembeni na leso. Aliwaua yeye na aliwalilia yeye. Nilimwuliza kwa nini asilie mtu mwingine. Akasema, "Mama Projestus, nani mwingine anawajua?"

Wapo waliowajua. Bitegeko, mtunza stoo, ninakutaja: namba tisa ulimla wewe. Na siyo kumla tu. Asubuhi yake ulileta kuku, umemfunga kikaratasi cha namba tisa mguuni, ukasema mbele yetu sote, "Bwana, mdomo wake umechongoka. Nadhani ni zile karanga." Bwana Ukungu akainama akamtazama kuku yule kwa muda mrefu sana, kwa adabu, kana kwamba anampa nafasi ya kujieleza. Kuku akawika. Bwana Ukungu akafungua daftari akaandika. Baadaye nilimwomba anisomee. Aliandika: "Namba tisa, si bata."

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Baada ya misimu kadhaa ya ndoa alikuwa na koo arobaini za karanga. Kila ukoo aliugawa mafungu mawili. Nusu aliitia kwenye mkebe wake, mikebe arobaini, akaifungia stoo kwa ajili ya kupanda. Nusu nyingine aliitia kwenye vifuko arobaini vyenye namba, akavinyunyizia unga wa Mwizi, akavifukia kwenye shimo lenye unyevu. Alikuwa anavitesa. Ukoo wowote utakaotoka shimoni bila kuota ukungu, huo ndio wenye omuziro, na mkebe wake ndio utakaopandwa kijiji kizima. Mingine yote ataitupa. Kijiji kizima kilijua hivyo. Mimi nilijua hivyo.

Siku za kufukua zilipofika akaitwa Bukoba kwenye mkutano. Akatuita mimi na mama mkwe wangu. "Fukueni, bangueni, hesabuni mbovu za kila kifuko. Kwa kila mbovu moja, choreni mstari mmoja kwenye karatasi ya kifuko hicho. Kisha kila kitu kirudi kwenye kifuko chake. Narudi baada ya siku tatu."

Tukafukua. Jamani. Kifuko cha kwanza kilikuwa kijani chote. Cha pili cha njano. Cha tatu kilitoa moshi kama chetezo. Ma Kokushubira akaacha kubangua akashika mashavu.

"Yustina, tutamrudishia mgeni vitu hivi?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Amesema kwa sababu ni mpole. Mtu akikuachia ng'ombe akaenda safari, ng'ombe akafa, unamrudishia mzoga? Unamrudishia ng'ombe! Huyu amefungisha ndoa misimu yote hii, magoti yameota sugu, leo arudi akute watoto wote wameoza? Atakufa kwa huzuni, na sisi ndio tuliokuwa nao."

Nilijua maana ya kazi ile. Yeye labda hakujua sana, mimi nilijua. Lakini alikuwa mama mkwe, na mimi niliishi chini ya paa lake, na kusema kweli na mimi niliona haya. Kwetu chakula cha mgeni kikiharibikia mikononi mwako ni aibu yako. Tukaleta karanga zetu wenyewe, nzuri, kavu, zinazoongea. Tukatoa mbovu zote, tukajaza zetu mahali pake, kifuko baada ya kifuko. Kwenye karatasi hatukuchora mstari hata mmoja.

Tukafika kwenye kifuko kimoja, sijui cha ngapi, hatukuwa tunatazama namba. Karanga zake zilikuwa ndogo, nyekundu iliyoiva, na ganda gumu lililonivunja ukucha. Hakukuwa na mbovu hata moja. Tulitafuta. Tuliipasua moja katikati, nyeupe kama jino la mtoto.

"Hizi hazina neno," nikasema. "Tuziache."

Ma Kokushubira akazipima mkononi. "Tangu asubuhi tumempa karanga zetu karibu debe. Hizi chache atupe yeye." Na akachochea moto. Tukazikaanga, tukala na kahawa, tukajaza kifuko kwa karanga zetu kama vingine.

Bwana Ukungu aliporudi alifungua kifuko cha kwanza, akafurahi. Cha pili, akafurahi zaidi. Cha kumi, akaacha kufurahi. Alipofika cha arobaini alikuwa amekaa chini kwenye udongo, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Zote?" akasema. "Zote arobaini?"

"Mungu ni mwema, tata," akasema Ma Kokushubira.

"Haiwezekani. Ni lazima nyingine zioze. Kama hakuna aliyeoza sijui aliyekataa kuoza." Akanitazama mimi. "Mama Projestus, mlibangua kama nilivyosema?"

Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Hilo ndilo kosa langu, na limeandikwa.

Akasema atarudia jaribio zima, achukue kidogo kutoka kila mkebe. Angerudia angejua. Lakini habari ilikuwa imemfikia Mwenyekiti Rwekaza kwamba karanga zote zimefaulu, na wageni wa mkoa walikuwa njiani kuja kuona maendeleo. Rwekaza akafungua stoo, na Bitegeko akashika ufunguo na taa. Wakachukua mikebe yote arobaini, wakaimwaga kwenye gunia moja, wakachanganya kwa mwiko wa ugali.

Bwana Ukungu alikimbia mpaka pale na uzi wa miwani umekatika. "Umefanya nini, Mwenyekiti? Kila mkebe ni ukoo wake! Sasa nitawatengaje?"

Rwekaza akajivuta, akaweka mkono kifuani. "Ndugu mtaalamu, hapa ni kijiji cha ujamaa. Mambo ya ukoo tumeyakomesha. Hata karanga hazitabaguana."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, Mungu anisamehe, kwa kuwa kila mtu alipiga.

Gunia lile likapandwa shamba lote la ujamaa, nalo likazaa sana, nisiseme uongo. Wakati wa kuvuna mvua ikatukuta. Bwana Ukungu akapita nyumba hadi nyumba, anika, anika, tikisa. Rwekaza akaamuru karanga zijazwe kwenye magunia zikiwa hivyo hivyo, ili ziwe zimepangwa wageni watakapofika, na Bitegeko akazinyunyizia maji tena ili magunia yawe mazito yakiinuliwa. Wageni waliinua gunia moja, wakaguna, wakasifu, wakaondoka.

Baada ya wiki tatu Bwana Ukungu akachukua karanga kidogo kutoka kwenye yale magunia akawalisha bata watatu. Wakafa wote. Akaenda nao kwenye mkutano wa kijiji, akawalaza mezani mbele ya Mwenyekiti, namba zikining'inia miguuni.

"Hawa wamekula karanga za stoo yetu," akasema. "Wamekufa ndani ya siku chache. Nawaomba magunia yale yachomwe yote."

Rwekaza akamgeuza bata mmoja kwa kidole, akamminya kifuani. "Wamenona," akasema. "Bitegeko, wapelekwe jikoni."

"Mwenyekiti, hao ni ushahidi!"

"Ushahidi wenye mafuta hivi, ndugu yangu, hauchomwi."

Wakapikwa. Rwekaza akala, Bitegeko akala, wajumbe wakala, mkutano ukangojea. Kulipopambazuka Rwekaza alisimama mlangoni kwake akiwa mzima, anapiga tumbo. "Tumekula na bata waliokula karanga, na hatujafa! Basi karanga ni salama!" Bwana Ukungu alijaribu kuijibu hoja hiyo, akaeleza ini na kiasi na muda, lakini mtu mwenye tumbo limeshiba akikuambia hajafa utasema nini. Mwezi uliofuata ikaja barua kwamba mtaalamu anakatisha watu tamaa, ahamishwe. Aliondoka na baiskeli ile ile, chupa nyuma, kikapu mbele kitupu. Alitupungia mkono sisi wanawake tuliokuwa kwenye matuta, na Ma Kokushubira akapiga kigelegele, safari hii kidogo tu.

Njaa ilipokuja tulikula karanga zile. Tulikuwa na nini kingine? Tulizisaga tukatia kwenye uji. Nilianza kuona macho ya watu yana rangi ya ndizi mbivu, nikadhani ni macho yangu. Kisha tumbo langu likajaa maji. Nilipelekwa hospitali ya misheni nimelazwa kwenye machela ya miti, mama mkwe wangu nyuma yangu kwenye machela yake. Mimi nilikaa huko kipindi kirefu nikatoka. Yeye hakutoka. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniambia, "Mwambie." Nikajifanya sijui anasema nini. Projestus alipona, alikuwa hapendi uji. Rwekaza naye yuko mpaka leo, ana meno yote. Haya ndiyo ninayoyaona nikiamka.

Nilimwona Bwana Ukungu mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi imepita, Bukoba mjini, karibu na bandari. Nilikuwa nauza senene wa kukaanga kwa abiria wa meli ya Mwanza. Alisimama mbele ya ungo wangu mzee kabisa, kaptula imekuwa suruali, akaniuliza kama senene wamekauka vizuri. Nilimjua kwa swali hilo.

"Bwana Ukungu."

Akainamisha kichwa, akanitafuta usoni. "Mama Projestus!" Akakaa kwenye gogo kando yangu, begi lake na tiketi ya meli magotini. Akasema alisikia habari za kijiji, alisikia na habari za bibi. Nikamwuliza kama bado anafungisha ndoa. Akasema anafungisha, huko alikopelekwa, ila ile yenye omuziro hajaipata. "Zile arobaini zilinichanganya," akasema. "Miaka yote nafikiri nilikosea wapi. Labda shimo lilikuwa kavu. Labda Mwizi alikuwa amekufa kwenye chupa. Nimeacha mbegu nyingi njiani kwa kutojiamini tena."

Abiria walikuwa wameanza kupanda. Ningeweza kumfungia senene nikamtakia safari njema. Nikamwambia. Nilimwambia vifuko vya kijani na vya njano, ng'ombe wa mgeni, karanga zetu, karatasi bila mstari. Sikumsingizia marehemu, nilisema ni sisi wawili, na kwamba mimi nilijua maana yake.

Alivua miwani akaishika mkononi, na bila miwani uso wake ulikuwa mdogo.

"Zilioza, basi," akasema hatimaye.

"Zilioza, Bwana. Kasoro kifuko kimoja."

Akageuka. "Kimoja?"

"Hakikuwa na mbovu hata moja. Karanga ndogo, nyekundu sana. Ganda lake lilinivunja ukucha."

"Yenye kiuno? Imebanwa katikati, hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Kumi na moja," akasema polepole, kama mtu anayetaja jina la mwanawe. "Nilijua ni huyo. Nilijua, nikajikataza kujua." Akasugua magoti. "Na mlizifanya nini?"

"Tulizikaanga tukala."

Nilingojea anitukane. Nilitaka anitukane, ningepumzika. Nyuma yetu watu wakapiga kelele kwamba meli inaondoka, wenye tiketi wapande.

"Mimi sikuwahi kuonja hata moja," akasema. "Zilikuwa chache mno, za mbegu tu. Nilikuwa nazinusa." Akavaa miwani, akaweka begi chini. "Zilikuwaje?"

Nikaanza kumweleza. Meli ikapiga honi, hakuinuka.